Likizo Niliyoipata Kupitia Ukuta wa Udongo

Jumamosi iliyopita tulimuaga Mama Perez anayestaafu. Kampuni ilikodi ukumbi wa kanisa, ikanunua soda na keki, na Bwana Omolo, meneja wetu, akasimama na tai yake mpya akasema kwamba kampuni hii tangu mwanzo imewajali akina mama. Tangu mwanzo. Nilikuwa nimempakata mwanangu wa pili ananyonya, na nilivyotetemeka kwa hasira mtoto aliachia titi akaniangalia usoni kama anayeuliza kulikoni. Mama Perez, supavaiza wetu wa miaka yote, alikuwa meza ya mbele amevaa gauni la Krismasi. Akanitafuta kwa macho katikati ya watu, akanifumbia jicho moja. Konso, mwenzangu wa kazini aliyekaa ubavuni mwangu, akaninong'oneza, "Nyar Seme, nyamaza kwanza. Keki haijakatwa." Nyar Seme, yaani binti wa Seme, ndiye mimi. Nikanyamaza mpaka keki ikakatwa. Sasa keki imeliwa, niko kwangu, mtoto amelala, na nitasema mambo yalivyokuwa tangu huo mwanzo wake.

Mwaka ninaousema ni ule niliomzaa Akoth, kifungua mimba wangu. Nilikuwa msichana wa panchi. Siku hizi nikisema hivyo watu wanadhani nilikuwa napigana ngumi, kwa hiyo nieleze. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya kwanza juu ya duka la vitambaa, pale mjini Kisumu. Asubuhi ukipanda ngazi ulinusa vitambaa vipya na dawa ya nondo, halafu ukifungua mlango ulikutana na harufu ya mafuta ya mashine na karatasi iliyopata joto. Madirisha yalikuwa ya vioo vya kufungua kama mapezi, na katikati ya mapezi hayo uliona ziwa, likimeta au likiwa limefunikwa na magugu, kutegemea upepo. Mashine zilipangwa safu mbili. Safu ya kushoto ilitoboa kadi: unasoma karatasi ya mkulima wa miwa, jina lake, shamba lake, uzito wa miwa aliyopeleka kiwandani, unabonyeza, na mashine inatoboa vitundu kwenye kadi ngumu. Safu ya kulia ilihakiki: msichana mwingine anachukua kadi ile ile na karatasi ile ile, anabonyeza yote upya, na mkono wake ukitofautiana na wa kwanza, taa nyekundu inawaka na mashine inagoma. Mkikubaliana, mashine inaichonga kadi alama pembeni. Ndipo kadi inaingia kwenye sanduku la bati, sanduku linapanda treni ya jioni kwenda Nairobi, na huko kompyuta inazisoma na kutoa hundi za wakulima. Sheria ya chumba ilikuwa moja tu, na Mama Perez aliirudia kama Baba Yetu: kadi isiyo na mkono wa pili haisafiri.

Tulijiona sana, siwezi kudanganya. Nilitoka kidato cha nne na cheti kisicho na maajabu, wenzangu wengine wakawa walimu wasiosomea au wakakaa kungojea waume, na mimi mtu akiniuliza kazi nafanya wapi, nilijibu, "Kompyuta." Hapo mtu ananyamaza. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona hiyo kompyuta kwa macho yake, lakini nani aliuliza? Wasichana wote tukibonyeza pamoja, chumba kilivuma kama mvua ya mawe juu ya bati, na tulizungumza juu ya mvumo huo kwa sauti kubwa, habari za waume na wachumba na bei ya samaki wa ngege sokoni, vidole vikienda vyenyewe. Konso alikuwa mkono wangu wa pili. Ni Mragoli, mdomo wake hauna breki, na alihakiki kadi zangu zote kwa muda mrefu hata akawa anajua kama nimegombana na mume wangu kabla sijafungua mdomo. "Leo umempiga Ouko," alikuwa akiniambia. "Umebonyeza saba kama unaiua."

Basi nikapata mimba, na nikafanya walichofanya wote walionitangulia: nikanunua sweta kubwa. Kisumu, joto lile, na mimi nimevaa sweta ya rangi ya kahawia kutoka asubuhi mpaka jioni. Kila mtu ndani ya chumba kile alijua maana ya sweta. Kwetu mimba haitangazwi, mtu anaweza kuiona na bado akaongea nawe juu ya mahindi. Lakini pale kazini kunyamaza kulikuwa na sababu nyingine. Hakukuwa na tangazo ukutani, ilikuwa kanuni ya mdomo: tumbo likionekana, unaandika barua kwamba umeamua kuacha kazi kwa hiari yako. Hiari. Kampuni haikufukuzi, la hasha, wewe mwenyewe umeamka siku moja umechoka kulipwa. Sheria ya kumpa mwanamke likizo ya uzazi na mshahara wake ilikuwa bado maneno ya redioni, tunayasikia tukikaanga vitunguu.

Nyuma ya chumba chetu kulikuwa na pembe ya chai, imetengwa na ubao tu, na upande wa pili wa ubao ilikuwa ofisi ya Bwana Omolo. Siku moja mgeni kutoka Nairobi alikuwa ofisini kwake. Mimi nilikwenda kujaza chupa ya chai, sikwenda kupeleleza, lakini ubao haukuwa na adabu. Mgeni akauliza, "Hawa wasichana wakianza kuzaa, unafanyaje?" Bwana Omolo akacheka, kile kicheko cha mtu anayetaka mkubwa wake ampende. Akasema, "Ni kama balbu, mzee. Ikiungua, unatoa, unaweka ingine." Nilisimama na ile chupa mkononi. Mtoto akageuka tumboni, nafikiri naye alisikia. Mpaka leo nikibadilisha balbu nyumbani kwangu maneno yale yananirudia, na ni lazima nitukane kidogo.

Mchana huo tulikula pamoja kama kawaida, juu ya meza ya kupangia kadi, tukiwa tumetandika gazeti. Kulikuwa na nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyoivishwa vizuri na vitunguu, na omena za Konso, dagaa wa ziwani. Niliwaambia nilichosikia. Wasichana wakaguna. Mama Perez alikuwa anachambua omena, anatoa vichwa anapanga pembeni ya gazeti kama kadi. Akasema bila kuinua uso, "Sweta imeanza kukubana, nyar Seme. Andika barua mapema, uondoke na heshima. Ukishazaa, utarudi. Mimi nimerudi."

"Kwa mshahara gani, Mama?"

"Wa kuanzia. Kampuni hii imeniajiri mara tatu."

Nilimtazama mwanamke yule. Alikuwa amewafundisha wote mle ndani, mimi nikiwa mmojawapo. Aliweza kusikia kwa sauti ya mashine peke yake kwamba kadi imeingia mshazari. Na kwenye vitabu vya kampuni alikuwa msichana mpya. Nikasema, maana sina akili ya kufunga mdomo, "Kwa hiyo wewe, na mvi zako, ni msichana mpya? Tukuchezee ngoma ya kukukaribisha?" Wenzangu wakacheka. Mama Perez hakucheka. Aliendelea na omena zake, akamaliza, akakunja gazeti na vile vichwa ndani, akaenda kulitupa, na mchana kutwa hakunisemesha. Nilidhani amenikasirikia. Sikujua kwamba hasira yake ilikuwa imeanza safari, na haikuwa inakuja kwangu.

Wiki ile ile Bwana Omolo akaniita. Alikuwa kijana, nguo zake zilipigwa pasi mpaka kola inaweza kukukata, anakaa Milimani na mke mwalimu wa shule ya Jumapili. Babake alikuwa mtu wa reli na yeye alikulia Nakuru, kwa hiyo Kijaluo chake kilikuwa cha kununua, na jambo hilo lilimtia haya sana. Akanisogezea karatasi tupu na kalamu. Akasema kwa upole, "Dorsila, we unajua utaratibu."

"Utaratibu gani, Bwana?"

"Huu wa... hali yako."

"Hali yangu ni nzuri. Ninatoboa kadi nyingi kuliko mwezi uliopita."

"Andika tu. Mimi nitakupa barua nzuri ya kusema ulikuwa mfanyakazi hodari."

"Sijaacha kazi," nikamwambia. "Ukitaka kunifukuza, nifukuze, uandike wewe kwa mkono wako kwamba kosa langu ni mimba. Mimi siwezi kusema nimechoka na kazi ambayo sijachoka nayo."

Hakuandika. Mtu wa namna ile hataki kuandika. Alisema basi nenda nyumbani upumzike, tutaona. Nikachukua kikombe changu, nikateremka ngazi katikati ya harufu ya vitambaa vipya, na nilipofika barabarani nikavua ile sweta nikaiweka begani. Tumbo lilitoka mbele yangu kama mtu aliyekuwa amefungiwa. Nilitembea nalo hivyo mpaka Nyalenda, kwenye chumba chetu, huku nikilia na huku, amini usiamini, nikisikia raha ya upepo.

Raha ya upepo hailipi kodi. Mshahara wa Ouko wa pale bandarini ulikuwa wa mtu mmoja, na sisi tulikuwa tunaelekea kuwa watatu. Hatukukaa sana mjini. Ouko alibaki kwenye kitanda cha rafiki yake na mimi nikaenda kwao, nje kidogo ya Ahero, kwa mama mkwe wangu. Kila mtu alimwita Min Ouko, yaani mama Ouko. Alikuwa na vipande vya mpunga, na siku za soko aliuza samaki wa kukaanga, na hakuna mteja aliyewahi kumshinda kwa bei. Nilimwogopa. Jioni tulipopepeta mchele nilimweleza mambo yote ya kazini, kadi, mkono wa pili, balbu, Mama Perez aliyeajiriwa mara tatu, na yeye alisikiliza bila kusema lolote. Nilidhani hanisikilizi. Mvua za mwaka ule zilikuja na hasira zao, mto ukavunja kingo, tambarare nzima ya Kano ikawa kioo, vyura walilia mpaka sokoni. Siku uchungu uliponikamata hakuna gari lililoweza kutufikia, wala mimi sikuweza kufika popote. Nilimzalia Akoth kwenye simba ya Ouko, ndiyo kile kijumba cha kijana wa kiume karibu na lango la boma, mkunga akiwa jirani, na mama mkwe akiwa nyuma yangu amenishika makwapa, ananiambia nisipige kelele kama mtu wa Nairobi. Tulimwita Akoth kwa sababu ya mvua. Lingine lipi tungemwita?

Sasa, kwa mila zetu, mtoto akizaliwa, mama yake hatoki. Wa kike siku tatu, wa kiume nne. Mlango umefungwa, wanawake ndio wanaoingia na uji na supu, na mwanamume wa nje hakanyagi hapo. Ikifika siku yake mtoto anatolewa, nyumba inafunguliwa, watu wanakula. Mimi nilikuwa siku ya pili, nimelala juu ya mkeka na mtoto kifuani, nilipolisikia gari likikoroma kwenye matope mbali kule, kisha likinyamaza, kisha sauti ya Konso ikiuliza njia kwa Kijaluo kibaya sana.

Aliingia na miguu ya matope mpaka magotini, mkate na sukari kichwani.

"Uko hai?" akauliza.

"Niko."

"Msichana?"

"Msichana."

"Basi tumshike huyu Bwana Omolo vizuri," akasema, akachuchumaa, akanieleza yote kwa pumzi moja. Kumbe nilipoondoka, kampuni ilikuwa imempeleka msichana mwingine, Rosbella, akafunzwe Nairobi. Alipokuja, akaketi kwenye mashine yangu, akatoboa kadi zake asubuhi nzima, kadi safi kabisa, akazipeleka safu ya kulia. Mama Perez akatoka kwenye meza yake, akazichukua, akazirudisha kwa Rosbella, akamwambia, "Sina ubaya nawe, mwanangu. Lakini mwenye kazi hii hajaiacha, na hakuna mkono wa pili kwa kadi hizi." Halafu akasimama katikati ya chumba na mikono kifuani. Konso akaondoa vidole kwenye mashine yake. Safu nzima ya kulia ikamfuata. Kadi za Rosbella zikaanza kupanda kama kichuguu. Na mzigo wa wakulima haukuweza kwenda nusu, ama wote ama usiende, kwa hiyo treni ikaondoka bila sanduku, na siku ya pili ikaondoka bila sanduku, na wakulima wa miwa wakaanza kupanda ngazi za duka la vitambaa na kofia zao na gumboti zao kuuliza hundi. Bwana Omolo alimwambia Mama Perez atamfukuza. Mama Perez akamjibu, "Nifukuze, kisha uniajiri mara ya nne, unajua njia." Mwishowe wakampa neno moja: watahakiki siku watakayosikia kutoka kinywani mwa Dorsila mwenyewe kwamba ameridhika. "Ndiyo maana nimemleta," Konso akasema. "Yuko hapo nje, viatu vyake vimekwisha."

Nilimsikia. "Dorsila? Habari ya leo? Unanisikia?"

Nikafungua mdomo kujibu, lakini mama mkwe akawahi. Sauti yake ilitokea upande wa lango, tulivu, ya mtu anayefungua soko. "Mgeni, simama hapo hapo. Nyumba hii haijafunguliwa."

"Mama, natoka Kisumu, nina haraka."

"Haraka umeileta wewe, sisi hatukuiagiza. Mzazi hatoki, na wewe huingii, na yeye hapigi makelele na mwanamume wa nje. Sema na mimi. Mimi nitamwambia."

Ukuta ule ulikuwa wa udongo na ulikuwa na ufa ninaoweza kupitisha kidole. Kila neno la Bwana Omolo nilikuwa nalisikia kabla halijamfikia mama mkwe, na yeye bila shaka alisikia yangu. Lakini mtu wa Nakuru angebisha vipi? Angebisha, angeonyesha kwamba hajui kwao. Mama mkwe akaleta kiti, akampa uji wa wimbi kwenye kibuyu, na majirani wakaanza kusogea mmoja mmoja, wamejifunika magunia kwa mvua, wakasimama chini ya ukingo wa paa kuangalia mtu wa suti anavyokunywa uji.

Akasema anataka nirudi kazini nikishapata nguvu. Mama mkwe akaja mlangoni, akauliza, "Umesikia?" Nikamwambia kwa sauti ya chini, maana niliogopa, nilikuwa na mtoto wa siku mbili na chumba tulichokiacha Nyalenda: "Mwambie nataka kazi yangu, mshahara wangu ule ule, si wa kuanzia. Na mwezi mmoja wa kukaa na mtoto, nilipwe."

Akarudi kwake. "Anasema miezi miwili."

Konso akajiziba mdomo kwa mkate. Mimi moyo ulinipanda mpaka masikioni. Nilitaka kupaza sauti kwamba sikusema hivyo, na wakati huo huo nilitaka kucheka mpaka nishonwe upya.

"Miezi miwili na mshahara?" Bwana Omolo akasema. "Mama, hiyo kampuni haijawahi."

"Hata mimi sikuwahi kuwa nyanya mpaka juzi."

"Mama, hii si bei ya samaki."

"Kweli. Samaki ningekupunguzia." Majirani wakacheka. "Na yule mama mwingine, mliyemwajiri mara tatu kama kibarua wa kupalilia, mnamwunganishia miaka yake lini?"

Hapo ndipo nilijua kwamba jioni zile zote za kupepeta mchele alikuwa anasikiliza. Nikachungulia kwenye ufa. Bwana Omolo alikuwa ameshika kibuyu kwa mikono miwili, mvua inadondoka kutoka kwenye paa moja kwa moja kwenye bega lake, na wala hakusogea. Akasema polepole kwamba labda, labda, kwa wale walioolewa, wake za watu wenye cheti cha ndoa, kampuni ingeweza kufikiria.

Mama mkwe hata hakuja kuniuliza. "Tumbo lilikuonyesha cheti?" akasema.

"Mama..."

"Nakuuliza. Uchungu unapiga hodi kwanza, unauliza kama mtu ameolewa?"

"Sawa, Mama. Sawa. Nimesikia. Tutaangalia."

Tutaangalia. Neno hilo nalijua, ndilo kaburi la mambo yote ya ofisi, na moyo wangu ukashuka. Nikamwita mama mkwe nimwambie tumeshindwa. Lakini yeye alikuwa ameshavuta kigoda akaketi mbele ya yule mtu, magoti yao karibu kugusana, na akaanza kumweleza kwa upole mkubwa, kama anayemfundisha mtoto wa dada yake. "Kwa kuwa ulikulia mbali, nikukumbushe. Mwanamume akitoa neno mbele ya nyumba ambayo haijafunguliwa, neno hilo linafungiwa ndani na mtoto. Akilirudisha nyuma, mtoto huyo huitwa kwa jina lake. Huyu wa ndani atakuwa nyar Omolo. Binti Omolo. Ataitwa hivyo shuleni, kanisani, na huko Milimani akija kukutembelea."

Nilizaliwa Seme, nimeolewa Kano, nimekaa na wazee wa pande zote mbili, na mila hiyo sikuwa nimeisikia hata siku moja. Nilimwangalia Konso, Konso akaniangalia. Kule nje jirani mmoja, mzee mwenye gunia kichwani, akaitikia kwa uzito, "Ndivyo." Na mwingine, "Ndivyo kabisa. Ilimpata mtu wa kule Nyakach." Nilimwona Bwana Omolo kupitia ufa akifikiria mke wake mwalimu wa shule ya Jumapili. Nilimwona akitafuta mtu wa kumwuliza kama ni kweli, na hakuna. Jasho lilimtoka katikati ya mvua.

"Miezi miwili," akasema. "Mshahara kamili. Anarudi kwa mshahara wake."

"Wote?"

"Wote."

"Na wasio na cheti?"

"Nimesema wote, Mama."

"Sema jina lako nalo, watu wasikie ni nani amesema."

Akasema jina lake lote, na la babake. Majirani wakasema wamesikia. Mama mkwe akasimama, akachukua kibuyu kwake, akamwuliza kama ameshiba. Ndani, mimi na Konso tulikuwa tumeshikana mikono, tunacheka bila sauti, machozi yanatutoka yanamwangukia Akoth kichwani, na yeye amelala tu kama mtu aliyekwisha kulipwa. Sijawahi kufurahi vile. Sikufurahi vile siku ya harusi yangu, na Ouko akisoma hapa asinune.

Majirani wakasukuma gari mpaka barabarani. Konso alinisimulia baadaye kwamba njia nzima Bwana Omolo hakuongea isipokuwa mara moja, karibu na daraja, alipouliza, "Hiyo mila, kwenu Maragoli iko?" na Konso akamjibu, "Kwetu ni mbaya zaidi." Alipofika alipanda ngazi akalirudia neno lake mbele ya chumba kizima, Konso akasema ndilo hilo, Dorsila ameridhika. Mama Perez mwenyewe akaketi safu ya kulia, akazihakiki kadi za Rosbella tangu ya kwanza mpaka ya mwisho, na sanduku likapanda treni.

Mwisho wa mwezi Konso alikuja Ahero na bahasha yangu ya mshahara. Niliishika muda mrefu kabla ya kuifungua. Nilikuwa nimelala, nimekula ngege na uji, nimenyonyesha, nimeangalia mpunga ukiota upya baada ya mafuriko, na mshahara umekuja. Mama mkwe alinikuta hivyo. Ndipo nikapata ujasiri wa kumwuliza, "Mama, ile mila umeitoa wapi?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi. "Kila mila ilikuwa na siku yake ya kwanza," akasema. "Lete maji tuoshe mtoto."

Miaka ya Mama Perez haikuunganishwa kwa urahisi hivyo. Ilibidi tuondoe vidole kwenye mashine mara nyingine, na mara nyingine tena, na hata hivyo hawakumpa yote. Halafu sheria yenyewe ilipokuja, ikatupa sote miezi miwili na mshahara, na kwa mkono wa pili ikatunyang'anya likizo ya mwaka, kana kwamba kuzaa ni kwenda kutembea Mombasa. Nani aliandika hivyo? Mtu aliyezaa? Nikiendelea na hilo sitamaliza leo. Bwana Omolo si mtu mbaya, namsema hivi huku nimemkasirikia. Alitoa neno akalishika, japo kwa kuogopa mtoto. Ila asisimame mbele ya keki akasema tangu mwanzo.

Nilirudi kazini likizo yangu ilipokwisha, nikapewa mashine ya dirishani, na Rosbella akabaki kwenye ile yangu ya zamani. Alikuwa msichana mkimya, anatoka familia ya kanisa, hajaolewa. Msimu mwingine wa miwa ulikuwa umeanza, chumba kinavuma, mimi nimefika kwenye karatasi za mkulima mwenye majina manne, Bwana Omolo akaingia kuuliza sanduku litajaa saa ngapi. Rosbella akasimama. Hakuwa amevaa sweta, alivaa blauzi nyembamba ya njano, na sisi tulikuwa tumeshaona na tumeongea naye juu ya mahindi tu. Akasema kwa sauti ya kushinda mashine, "Bwana, nina mimba. Nitatoka miwa ikiisha. Nikishamaliza miezi yangu miwili, nitarudi."

Bwana Omolo akamwangalia. Akaniangalia mimi. Mimi nilikuwa natafuta herufi za jina la tatu.

"Sawa," akasema. "Na sanduku?"

"Saa kumi," akajibu Rosbella, akaketi. Na katika chumba kile kizima hakuna aliyeacha kubonyeza.